Matembezi ya Watoto: Ni Sadaka au Ni Haki?



Kila tunapozungumza juu ya kujitolea kwa ajili ya vijana wa mji huu, maneno huanza na madaftari, viatu na sare. Mambo hayo ni mema, wala hayana ubishi. Lakini mtu akisema, "Tuwachukue watoto hawa tukawaoneshe msitu wa Jozani, au tukawatie majini wayaone matumbawe," papo hapo huzuka mabishano. Wengine husema ni jambo zuri. Wengine husema ni anasa, kwa maana mtoto mwenye njaa hatembezwi, hulishwa. Neno hili lina uzito wake, nasi yatupasa tulipime vema kabla ya kulijibu.

Na tuanze hapa hapa Darajani. Jina lenyewe latukumbusha daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo, hata katika karne ya 20 ukatoweka kabisa. Daraja halipo, maji hayapo, jina limebaki. Soko lililofunguliwa mwaka 1904 lingalipo, na kandokando yake wamo vijana wanaochukuza mizigo, wanaouza karanga, wanaowasaidia mama zao kabla na baada ya skuli. Kijana wa namna hii huwajua changu na pono kwa bei zao, lakini huenda hajapata kuwaona wakiogelea. Magari ya watalii humpita yakienda mashamba na pwani, naye huyatazama kama mambo ya watu wengine.

Atatokea msomaji aseme: "Mtoto wa kisiwa asiijue bahari? Mbona jioni pale Forodhani watoto hujirusha majini wakicheka?" Ni kweli. Lakini tazameni vizuri: wanaojirusha ni wavulana. Dada zao hukaa ukutani wakitazama. Na hao wavulana wenyewe wengi wanajua maji ya ukutani tu. Dunia iliyo chini ya maji, ambayo mgeni hutoka Ulaya kuja kuitazama, wao hawajaitia macho.

Sasa tulirudie lile neno la njaa. Tunakubali bila kusita kwamba mtu mwenye shilingi moja tu, na mbele yake mtoto mwenye njaa, anunue chakula. Hatutaki mtu amnyang'anye mtoto kitumbua ampe mandhari. Lakini je, ndivyo mambo yalivyo kwetu? Mara nyingi hatuchagui kati ya mkate na msitu. Tunachagua kati ya kukaa barazani siku ya Jumamosi na kutoka pamoja na mtoto siku hiyo hiyo. Kinachotakiwa kwetu zaidi ni muda na uvumilivu, na hivyo havipikwi chunguni.

Tena liko jambo lingine. Mtoto wa mwenye nacho akipelekwa Jozani tunasema anajifunza. Mtoto wa mchukuzi akipelekwa tunasema anapoteza wakati. Kwa nini safari ile ile iwe elimu kwa mmoja na anasa kwa mwingine? Tukijichunguza, tutaona kwamba tumekwisha kumhukumu yule maskini kuwa ni tumbo tu la kujazwa, wala si mtu mwenye macho, na mshangao, na maswali. Kumlisha na kumdharau vyaweza kwenda pamoja. Hilo ndilo tunalopaswa kuliogopa.

Mahali penyewe papo, wala si mbali. Jozani na Ghuba ya Chwaka vilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo mna kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja peke yake, na mna mikoko ambayo mtoto aweza kupita katikati yake juu ya njia ya mbao, akaona jinsi mizizi inavyoshika tope, na samaki wadogo wakajificha humo. Upande wa kusini-magharibi mwa mji, kiko kisiwa cha Chumbe chenye mnara wa taa wa mwaka 1904. Matumbawe yake ya upande wa magharibi yalitengwa mwaka 1994, na uvuvi ukakatazwa humo. Tangu hapo fedha wanazolipa wageni wa kisiwa zimesaidia kuwapeleka huko watoto wa skuli za Unguja na walimu wao, wavulana kwa wasichana. Huvalishwa maboya na miwani ya maji, na baadhi ya waliowaongoza ni watu waliokuwa wavuvi hapo zamani. Wako waliotia uso majini kwa mara ya kwanza siku hiyo, na wote wamezaliwa kisiwani.

Basi tuulize: je, siku kama hiyo ni sadaka? Sadaka hutoka katika mali ya mtoaji. Nani kati yetu aliyeumba mikoko? Nani aliyepanda matumbawe? Vitu hivi Mungu aliviweka mbele ya wote, na mtoto wa Ng'ambo amevirithi sawasawa na sisi. Kilichomzuia ni nauli, na woga, na kukosa mtu wa kumshika mkono. Anayejitolea kumpeleka hampi mali yake. Anamfungulia mlango wa nyumba ambayo ni ya mtoto mwenyewe.

Mkikubali neno hili, mwenendo wetu wote utabadilika. Mtoa sadaka hungoja shukrani, lakini anayerudisha haki ya mtu hangoji. Mtoa sadaka hupenda kupigwa picha akiwa katikati ya watoto maskini, lakini anayerudisha haki huona haya kufanya hivyo. Mtoa sadaka aweza kutoa mara moja akasahau. Mwenzi wa safari hurudi tena, kwa maana mtoto aliyeoneshwa mlango kisha akafungiwa ameumia kuliko yule asiyeuona kamwe. Kwa hiyo ni afadhali watoto sita kila mwezi kwa mwaka mzima, kuliko watoto sitini siku moja na ngoma na mabango.

Mwaka 1907 Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri nchini Kenya, aliwakusanya wavulana wapatao ishirini katika kisiwa cha Brownsea kule Uingereza. Wengine walikuwa watoto wa wakubwa, wengine watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Twaweza kuyapinga mengi ya watu wa zama zile, lakini hili lilikuwa sawa: wale wavulana walilala katika kambi moja, wakafanya kazi moja. Hakuna aliyeitwa mfadhili wa mwenzake.

Sisi wa Mkunazini tunayo sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Kanisa letu Kuu limesimama mahali palipouzwa watu, wakiwamo watoto, mpaka soko lile likafungwa mwaka 1873. Watoto waliookolewa majahazini walipokewa na Misheni, wakalelewa Kiungani na Mbweni. Ilikuwa rehema kubwa. Lakini mara nyingi watoto wale walipangiwa na wengine majina yao, kazi zao na imani yao. Leo jirani zetu karibu wote ni Waislamu, na mama wa Kiislamu ana haki ya kutuuliza: "Mnamtakia nini mwanangu?" Jibu letu halina budi kuwa wazi. Hatumtakii ila aione nchi yake na arudi salama. Aende akiwa Mwislamu, arudi akiwa Mwislamu. Saa ya sala isimpite, chakula kiwe halali, binti avae vazi la heshima ambalo mama yake ameridhika nalo, na wawepo wanawake wa kumwangalia. Tukiifanya bahari kuwa chambo, hatukumrudishia mtoto haki yake, bali tumejaribu kumnunua. Na mahali hapa, kuliko popote pengine, neno la kununua mtoto halichezewi.

Liko neno la mwisho, nalo ni zito. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Julai 2012 Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Watu wengi walipotea, na katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba kilio hakijasahaulika. Hatusemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote. Twasema kwamba mzazi akisita kumtoa mwanawe kwenda majini, asichekwe. Mapenzi mema hayaelei. Asiyejua kuogelea asiongoze watoto baharini. Maji ya kupwa na kujaa yajulikane kabla ya safari, maboya yawe sawa na hesabu ya watoto, na watoto wahesabiwe wakishuka na wakipanda. Lakini woga huo huo ni sababu ya kumfundisha mtoto, tena hasa binti, kuelea na kuogelea palipo na maji tulivu na watu wenye ujuzi, kwa kuwa mtu wa kisiwa hana njia ya kuikwepa bahari maisha yake yote.

Jibu letu basi ni hili. Mtoto apewe mkate, na apewe msitu pia, wala kimoja kisitumiwe kuwa udhuru wa kumnyima kingine. Anayetaka kujitolea aanze kwa kubisha hodi nyumbani kwa mtoto, akae na mama yake, asikilize kwanza. Huyo mama akisema hapana, ashukuriwe na kuheshimiwa. Akisema ndiyo, ametukabidhi kitu kikubwa kuliko kile tunachodhani tunampelekea.