Riziki Imeandikwa, Kozi Je?

Tangu matokeo ya Kidato cha Nne yatoke, shemeji yangu na mwanawe wanabishana, na wote wawili wameshika hoja moja. Kijana anapiga kinanda, na filimbi ya chivoti alifunzwa na babu yake kule Gazi. Anataka kusomea muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta. Baba anamtaka chuo cha utabibu cha KMTC, hapa hapa Msambweni, asomee uuguzi. "Riziki imeandikwa," asema kijana, "basi niacheni nisome nikipendacho." "Riziki imeandikwa," ajibu baba, "basi uuguzi hautakupunguzia kitu."

Mimi ni mjomba, na Wadigo zamani tulirithishana upande wa mama, kwa hivyo sikuachwa nikae kando.

Nami si mtu wa katikati. Nimelishwa na gitaa. Nimepiga "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, iliyotoka 1982, kwenye hoteli za Diani usiku baada ya usiku, kwa wageni wanaoiomba kabla hata hawajaagiza kinywaji. Masika yakiingia hoteli hupunguza watu, na bendi ndiyo hupunguzwa mwanzo. Korona ilipozifunga 2020 nikauza samaki. Sikufa njaa. Ushahidi huo shemeji anaupenda sana, na mwanawe anaupenda vilevile.

Hapo ndipo hoja ya kadari inaponichosha. Ni kweli, lakini haichagui. Anayefungua duka ataitumia na anayelifunga ataitumia. Mtume alimwambia mtu mmoja amfunge ngamia wake, kisha amtegemee Mungu; hakumwambia amfunge kwenye mti upi.

Shemeji akageukia hukumu ya muziki wenyewe. Huko nako masheikh hawakuafikiana. Wengi katika madhehebu manne walizikataza ala. Ibn Hazm wa Andalusia aliona hakuna hadithi sahihi ya kuziharamisha. Ghazali, Mshafii kama sisi, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya kuzungumzia usikilizaji, akapima wimbo, mahali na moyo wa msikilizaji, akazikataza ala zilizokuwa alama ya walevi. (Nilipofika hapo niliyakumbuka mabaa niliyopigia, nikanyamaza kidogo.) Pwani yetu nayo imegawanyika: Juma Bhalo, mfalme wa taarabu Mombasa, aliacha kuimba akashika ibada kabla hajafariki 2014, Zein l'Abdin alizeeka na udi wake. Kati ya hao wawili sijipi ukadhi.

Ninachokishikilia ni hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya maswali ya Kiyama: umri uliumaliza katika nini, elimu uliifanyia nini, mali uliipata wapi na ukaitumia wapi, mwili uliuchakaza kwa lipi. Kiasi cha mali hakimo. Hicho ndicho kilichoandikwa, ndiyo maana hakina swali. Kilichobaki mikononi mwetu ni njia kinayopitia, na kozi ni njia.

Kwa hivyo nilimwambia kijana aache kujitetea kwamba atakula, atakula. Anieleze saa tano usiku atakuwa anampigia nani, na kwa nini. Na baba mtu nikamwambia uuguzi nao si ibada kwa kuvaa sare tu: yuko muuguzi wa kumsitiri mgonjwa, na yuko anayemfokea mama mwenye uchungu wa kuzaa kwa sababu kazi hiyo alichaguliwa na babake. Huyo naye ataulizwa elimu yake aliifanyia nini.

Kijana alifikiri siku kadhaa, akarudi na jibu ambalo sikumtilia kinywani: ualimu wa muziki. Mtaala mpya umefikisha wanafunzi wa kwanza gredi ya 10 Januari 2026, na sanaa na michezo ni mojawapo ya njia tatu wanazochagua. Anataka kufundisha Kwale, ili chivoti na ngoma ya sengenya viandikwe kwa nota na kufundishwa darasani, badala ya kungoja sherehe na wageni wa serikali. Nilipenda kwamba hakutaja mshahara wala sifa. Likizo ataenda Unguja, kwenye Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilichoanzishwa 2002, ajaribu udi.

Shemeji amekubali nusu. Ualimu anauheshimu, kinachomsumbua ni TSC, tume inayoajiri walimu, maana mtaani kwetu wapo walimu wenye vyeti wanaoendesha bodaboda. Jana kaniuliza huyu ataajiriwa lini. Nikamwambia hilo nalo limeandikwa, akachukua kofia yake akaondoka.