Deni la Mwenye Kuokoa

Wako kambare wadogo wa Amerika ya Kusini, ambao urefu wao haupiti sana urefu wa kidole cha mtu, na wafugaji wa samaki wa pambo huwaita kwa jina la Corydoras. Ubavuni wamevikwa mabamba ya mfupa yaliyolaliana kama vigae juu ya paa, na mdomoni wana sharubu za kupapasia chakula mchangani. Ni viumbe wapole, wasiomdhuru jirani. Mfugaji akiyapunguza maji ya tangi la kioo na kuyajazia mengine yaliyo baridi kidogo, mara nyingi samaki hawa hufanya kana kwamba mvua imenyesha katika mto wa kwao, wakaanza kutaga. Jike hukutanisha mapezi yake ya tumboni yakawa kama viganja vya mtu akingaye maji, akayapokea mayai machache humo, kisha huogelea mpaka kiooni, akachagua mahali, akayabandika. Huirudia kazi hiyo mara nyingi mpaka mayai huweza kufika 100 au zaidi, kila moja dogo kama punje ya ulezi. Atazamaye huvutwa kusema: Tazama mapenzi ya mama! Walakini kabla jua halijatua, mama yuyo huyo huweza kurudi kiooni akayala mayai yake moja moja, na baba akamsaidia.

Hapo ndipo fikira huzaliwa. Je, mtu aliyesimama mbele ya kioo anyoshe mkono ayatoe mayai yale, au anyamaze ayaache mambo yafuate mkondo wake? Na akiyatoa, amemaliza wajibu wake, au ndiyo kwanza ameuanza? Swali hili laonekana dogo kwa kuwa samaki ni wadogo. Lakini ukubwa wa swali haupimwi kwa ukubwa wa kiumbe aliyelileta.

Wako watu wasemao kwamba asili ina hekima yake, na kwamba binadamu hana ruhusa ya kuingia kati ya mama na mayai yake. Maneno haya yana heshima, wala msemaji wake si mpumbavu. Lakini tukiichukua asili kuwa mwalimu wa maadili, tutamfuata mwanafunzi wake yupi? Yuko kambare mwingine wa Amerika ya Kusini aitwaye Ancistrus, ambaye dume wake hukaa pangoni na mayai siku kadhaa, akiyapepea kwa mapezi ili maji safi yapite juu yake. Yuko tena kambare mwenye madoa wa Ziwa Tanganyika, ambaye huyapenyeza mayai yake kati ya mayai ya samaki wengine waleao watoto kinywani. Mama yule mwenyeji huyaokota yote pamoja. Na vifaranga wa kambare hutangulia kuanguliwa, wakawala watoto wa mlezi wao humo humo kinywani mwake. Asili moja imetuonyesha baba mlinzi, mama mlaji na mgeni muuaji. Haikumsifu wa kwanza wala haikumlaumu wa mwisho. Basi hukumu ya lililo jema haiwezi kutoka katika desturi za samaki. Yapasa itoke kwetu, tulio na uwezo wa kufikiri.

Kwa sababu hiyo hiyo tusimwite mama yule wa Corydoras mwovu. Lawama hufuata ujuzi na hiari, naye hana hata kimoja. Tena tukumbuke ya kuwa mtoni maji ni mapana, majani ni mengi, na atagaye huweza kwenda zake. Katika tangi hana pa kwenda. Kila azungukapo hukutana na mayai yale yale, na njaa humwelekeza kinywa. Ni nani aliyeufupisha mto ukawa sanduku la kioo? Ni mfugaji. Hapa naona chemchemi ya wajibu wake: si kwamba yeye ni mwema kuliko samaki, bali kwamba hatari iliyomo ni kazi ya mikono yake. Aliyechimba shimo njiani hawezi kujitetea kwamba aliyetumbukia alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Na hapo hapo tunaona mpaka wa wajibu huo. Dume wa Ancistrus akiwa pangoni na mayai yake, mfugaji mwenye busara humwacha, maana penye mlinzi mwema msaada ulio bora ni kutomsumbua.

Na ayatoe, basi, mayai ya Corydoras. Hunata, lakini huweza kubanduliwa taratibu kwa ncha ya kidole na kuhamishiwa chombo kingine chenye maji yale yale ya tangi la wazazi, na joto lile lile. Karibu nayo huwekwa mpira mwembamba wa pampu ya hewa, mapovu yake yayatikise maji polepole, yafanye kazi ambayo baba wa Ancistrus huifanya kwa pezi. Wafugaji wengi huongeza jani kavu la mkungu, mti uliozoeleka sana pwani yetu, likayatia maji rangi ya chai, wakitumaini kupunguza kuvu. Yai lisilorutubishwa hugeuka jeupe, likaota kuvu kama pamba, na kuvu hiyo huweza kuenea kwa jirani zake. Kwa hiyo halina budi kuondolewa. Mlezi ambaye huruma yake humzuia kuliondoa yai lililokufa huyapoteza yaliyo hai. Lakini mwenye pupa naye hukosa, maana huweza kulitupa yai lenye uhai kwa kuwa amelitazama mara moja tu. Huruma inahitaji macho.

Baada ya siku 3 hadi 5, joto la maji likiwa nyuzi 25 hivi, mayai huanguliwa. Wahenga walisema: Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Siku ya kwanza na ya pili kifaranga hula kiini alichozaliwa nacho tumboni, wala hahitaji kitu cha mtu. Baadaye huanza kutafuta, na mlezi humpa uduvi wa maji ya chumvi waitwao Artemia, walioanguliwa siku hiyo hiyo. Nami nilijifunza maana ya methali ile kwa hasara. Jioni moja, nikijua kwamba kesho yake nitasafiri, niliwamwagia vifaranga chakula cha siku 2 kwa mara moja, nikafunga mlango kwa moyo mkunjufu. Niliporudi, chakula kilikuwa kimeoza chini, maji yamekuwa meupe kama tui, na hapakuwa na kifaranga hata mmoja aliye hai. Niliwaokoa katika vinywa vya wazazi wao, nikawaua kwa ukarimu wangu. Yamkini kama ningaliyaacha mayai kiooni, moja au mawili yangalisalia nyuma ya jani. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mapenzi yasiyopimwa ni hatari kama chuki. Vifaranga hutaka chakula kidogo mara kadhaa kwa siku, mabaki yafyonzwe kwa mpira, na maji yabadilishwe kidogo kidogo kila siku. Hakuna tendo moja kubwa liwezalo kusimama badala ya matendo madogo mengi.

Liko jambo jingine, na hili ndilo zito. Tuseme mlezi amefaulu, na vifaranga 100 wanakua katika tangi liwafaalo samaki 10. Atawaweka wapi? Akiwarundika, watasongwa kwa uchafu wao wenyewe. Akiwagawa ovyo, amewapeleka kwenye mikono isiyojua kulea. Akiwamwaga mtoni, asidhani kwamba amewapa uhuru. Huenda amewaletea wenyeji wa mto balaa. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kwenda mbali kwa ushahidi. Sangara, ambaye wengi humwita mbuta, alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa nia ya kukuza uvuvi. Uvuvi ulikua kweli. Lakini kufika miaka ya 1980 aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zilikuwa zimeadimika au kutoweka kabisa. Nia njema haikuzuia matokeo. Kwa hiyo ahesabu nafasi kwanza, ndipo aanze kuokoa. Kuyaokoa mayai 20 na kuwatunza watakaotoka humo mpaka mwisho ni jambo la haki kuliko kuyaokoa yote kwa siku moja ya fahari, kisha kuwasaliti watoto wake mwezi wa pili.

Mtu ataniuliza: Ya nini kujitaabisha kiasi hiki kwa samaki asiyejua hata jina lako? Namjibu kwamba asiyejua jina langu ndiye kipimo changu cha kweli. Ajuaye huweza kushukuru au kulalamika, na kwa hofu ya lawama au tamaa ya sifa tukamtendea vyema. Kifaranga hana shukrani wala mashtaka. Mbele yake mtu yuko peke yake na dhamiri yake.

Basi, msomaji kijana, wakati utafika ambapo mkono wako utataka kuokoa: mdogo wako asiyejua kusoma, rafiki aliyepotoka, au mche uliong'olewa njiani. Nyosha mkono huo, maana kutazama tu maangamizi yaliyo katika uwezo wako kuyazuia ni aibu. Lakini kabla hujaunyosha, jiulize kama utakuwapo siku ya pili, na ya tatu, na ya ishirini. Amwokoaye kiumbe hajampa zawadi akaenda zake. Amejiandikia deni, na deni hilo hulipwa kidogo kidogo, kila siku, mpaka aliyeokolewa aweze kuogelea peke yake.