Kaburi la Imamu na kaburi la babu



Sisi tuliolelewa Buyenzi, Bujumbura, tulilijua jina la Imamu Shafi kabla hatujaiona Misri kwenye ramani. Kunuti ya Alfajiri tuliyofundishwa chuoni ni ya madhehebu yake. Kwa hiyo Ijumaa moja, baada ya Alasiri, tulipotoka watatu Madinatul Buuth, mji wa wanafunzi wageni wa Al-Azhar, kwenda makaburi ya Qarafa, nilijiona kama ninakwenda kumwamkia mzee wa ukoo.

Imamu alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria, akafia Misri mwaka 204, yaani 820 Miladia. Kuba la kaburi lake alilijenga al-Malik al-Kamil mwaka 1211. Kileleni pana mashua ndogo ya madini, na wenyeji husema zamani ilitiwa nafaka kwa ajili ya ndege. (Nilikaa nikiitazama hiyo mashua kuliko kitu kingine chochote.) Njiani tulipita nyumba za watu katikati ya makaburi, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza mpira.

Ndani alikuwapo mama mmoja mtu mzima, akasogea akapenyeza karatasi iliyokunjwa. Wamisri wana desturi ya kumwandikia Imamu barua za shida zao. Mwanasosiolojia wao, Sayyid Uways, aliandika kitabu kizima kuhusu barua hizo katika miaka ya 1960. Mwenzangu akaninong'oneza: "Shirki hiyo." Mimi pia siungi mkono kumwomba maiti, dua ni ya Allah peke yake. Nikaanza kuipanga nasaha kichwani, na dalili zake.

Sikuitoa, kwa sababu simu ililia. Nilikuwa nimeshapiga picha na kuituma kwenye kundi la familia, na mama akanijibu: "Mashaallah mwanangu. Na babu yako utamzuru lini?"

Babu ndiye aliyenishika kidole nikasoma alifu. Alifariki nikiwa mwaka wa pili huku, nauli ya kurudi sikuwa nayo, na hilo naamini nina udhuru. Lakini likizo iliyofuata nilikaa Bujumbura wiki tatu. Kaburi lake liko mwendo wa dakika ishirini kwa pikipiki. Sikwenda. Nilijiambia dua inamfikia popote nilipo. Ni kweli inamfikia. Lakini kama hiyo ndiyo hoja yangu, kwa Imamu nilifuata nini?

Suala la kufunga safari kwa ajili ya kaburi wanazuoni wamehitilafiana, nami hoja za pande zote mbili nimeziandika kwenye mtihani. Hakuna hata moja inayonisaidia hapa. Ninachokumbuka ni kwamba Mtume (s.a.w.) alilizuru kaburi la mama yake, akalia mpaka akawaliza waliokuwa naye, na hapo ndipo alipotuambia tuzuru makaburi kwa kuwa yanakumbusha mauti. Ruhusa ile ilitoka penye kaburi la mzazi, mama aliyemwacha mtoto yatima.

Tangu mwaka 2020 sehemu za Qarafa zimebomolewa kupisha barabara, na familia zimehamisha mifupa ya watu wao. Imamu ana kuba na wageni kila siku. Babu ana kibao na sisi tu. Mama yule wa karatasi huenda amekosea anayemwomba, lakini alikuja na shida yake ya kweli. Mimi nilikuja na simu.

Usiku ule nilimpigia mdogo wangu, nikamwomba aende Jumapili, apalilie, amsalimie babu, amwombee. Akakubali. Kisha akauliza: "Kaka, ni mstari wa ngapi ukiingia?"

Sikujua.