Nilichokikata Kwenye Picha

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mwanzo 40 na 41, Yohana 20:30–31, Matendo ya Mitume 5:1–11



Wengi wenu mnajua napenda kupiga picha za milima na mito. Si kazi yangu na sijaisomea. Mimi nilisomea biashara. Nilinunua kamera iliyotumika miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo Jumatatu, siku yangu ya kupumzika, ukinitafuta huenda ukaambiwa nimepotelea kwa vichaka fulani.

Mwezi uliopita nilienda Nyahururu na dada yangu mkubwa kuona maporomoko ya Thomson. Mto Ewaso Narok hufika hapo kwenye ukingo wa mwamba na kuanguka karibu mita 74. Nilimweleza dada kwamba Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alifika hapo mwaka wa 1883 akayapa maporomoko jina la baba yake. Dada akaniuliza, "Kwani watu wa hapa walikuwa hawajayaona?" Sikuwa na jibu. Tukaendelea kutembea.

Juu, karibu na ua, kuna wauzaji wa vinyago na wazee waliovaa mavazi ya kitamaduni ambao hupigwa picha na wageni kwa malipo. Tuliwasalimia tukashika njia ya kuteremka bondeni. Ni mteremko mkali, na mawe huwa na utelezi. Dada alikuwa na raba za kawaida, sweta la rangi ya machungwa, na kiondo chenye chapati na thamosi ya chai. Mimi nilibeba kamera na stendi yake tu. Mzigo wa chakula alibeba yeye. Sikuliona hilo wakati ule.

Kule chini manyunyu hayaachi kukujia. Unapangusa lenzi kwa leso, unapiga picha moja, unapangusa tena. Nilitaka ile picha ambayo maji yanaonekana laini kama maziwa yanayomiminwa. Siri yake ni kuiacha kamera wazi kwa muda mrefu kidogo, kama nusu sekunde, ikiwa imetulia juu ya stendi. Jicho la mtu haliyaoni maji hivyo. Ni kamera inayokusanya nusu sekunde nzima na kuifanya kitu kimoja.

Kulikuwa na chupa ya plastiki imekwama kati ya mawe, mbele kabisa. Nilisogeza stendi hatua mbili kushoto, ikatoka kwenye fremu. Dada alikuja nyuma yangu, akainama, akaiokota, akaitia kwenye kiondo. Hakusema kitu. Kisha akaketi juu ya jiwe ukingoni mwa picha yangu, akavua viatu na kutia miguu majini.

Jioni nikiwa nyumbani niliona ile sweta ya rangi ya machungwa pembeni. Ilivuta jicho kutoka kwa maji. Nikaikata. Nikaituma picha kwenye kundi la kanisa na maneno haya: "Mimi na Muumba wangu, peke yetu." Mlinibariki sana. Amina zilikuwa nyingi kuliko zile ninazopata nikihubiri.

Usiku dada akanipigia. "Pasta, picha ni nzuri. Lakini mimi nilikuwa wapi?"

Nikacheka. Naye akacheka. Halafu akasema polepole, "Si neno. Nimezoea."

Mpendwa, sikulala vizuri siku hiyo. Nilijua hakuwa anaongea juu ya maporomoko.

Mmesikia ushuhuda wangu mara nyingi. Nimeutoa hapa kanisani, kwenye mikutano ya vijana, hata kwa harusi. Niliitwa chuo kikuu, nyumbani hakukuwa na karo, mama akaomba, mimi nikafunga siku tatu, na siku ya nne pesa ikaja. Kila neno hapo ni kweli. Lakini sikilizeni vile nilivyozoea kusema: "pesa ikaja." Kana kwamba pesa ina miguu.

Pesa ilitoka kwa dada yangu. Aliacha shule Kidato cha Pili ili tule. Akawa kibarua kwenye shamba la maua, akaweka akiba ya kununua cherehani, maana ndoto yake ilikuwa ushonaji. Siku ile ya nne alimpa mama akiba yote. Na kila muhula uliofuata alituma kitu. Cherehani aliinunua miaka tisa baadaye. Nimesimama madhabahuni miaka mingi nikisimulia siku hiyo, na sijawahi kumtaja.

Sasa, je, huo ni uongo?

Nimejaribu kujitetea, na utetezi wangu si wa bure. Kila picha hukata. Kamera haiwezi kubeba bonde zima, na ukitaka kuonyesha kila kitu hutaonyesha chochote. Ushuhuda nao hupewa dakika tano. Wazee wa zamu hukuangalia vibaya ukifika dakika ya saba. Hata Mtume Yohana alichagua. Anapofika karibu na mwisho wa Injili yake anatuambia wazi kwamba Yesu alifanya ishara nyingine nyingi ambazo hazikuandikwa kwenye kitabu kile. Kama kuacha ni dhambi, basi Yohana pia ana kesi.

Lakini angalia vile Yohana anavyofanya. Anakuambia kwamba ameacha mambo, na anakuambia kwa nini alichagua yale aliyoyachagua: ili upate kuamini. Msomaji wake hadanganywi. Anajua kuna bonde nje ya fremu.

Sasa mweke Anania kando yake. Yeye na Safira waliuza kiwanja, wakazuia sehemu ya pesa, wakaleta iliyobaki miguuni pa mitume. Tukisoma haraka tunadhani kosa lao lilikuwa kutotoa zote. Hapana. Petro mwenyewe anamwambia kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kuuzwa pesa zilikuwa kwenye uwezo wake. Angeweza kuleta nusu akasema, "Hii ni nusu," na angerudi nyumbani mzima. Kilichomwangusha ni kuleta sehemu na kuiita yote.

Hapo ndipo picha yangu ilipoharibika. Ningeweza kukata sweta nisitende kosa lolote. Hiyo ni kazi ya picha. Kosa lilikuwa kwenye yale maneno, "peke yetu." Niliita sehemu kuwa yote.

Chuoni tulifundishwa kwamba hesabu za kampuni zinaweza kudanganya hata kama kila tarakimu iliyoandikwa ni sahihi. Inatosha kuacha deni moja nje ya vitabu. Ndiyo maana wahasibu wana kipimo: jambo ni zito ikiwa kuachwa kwake kunaweza kubadilisha uamuzi wa mtu anayezitegemea hesabu hizo. Ukiacha shilingi mia za chai katika kampuni kubwa, hakuna atakayepotoka. Ukiacha deni kubwa, mtu ataweka pesa zake mahali asipofaa.

Nikajiuliza: kuna mtu aliyeutegemea ushuhuda wangu?

Yupo. Mwaka jana kijana mmoja alinijia baada ya ibada. Alikuwa ameitwa chuoni, akafunga siku tatu kama mimi, kisha akaongeza nne. Pesa haikuja. Aliniuliza, macho chini, "Pasta, ni dhambi gani niliyo nayo ambayo wewe hukuwa nayo?"

Nilimwombea. Nikamwambia asichoke. Lakini sikumwambia ukweli ambao ungemwondolea ule mzigo: kwamba maombi yangu yalijibiwa kupitia binti aliyekuwa anaamka saa kumi usiku kwenda kukata maua. Kijana yule hakukosa imani. Alikosa dada mwenye akiba. Na labda alikosa kanisa lililoelewa kwamba lenyewe ndilo lilipaswa kuwa dada huyo. Kama ningesema ushuhuda wote, huenda mmoja wenu angesimama Jumapili ile aseme, "Mimi nitalipa muhula mmoja." Nilipoificha njia ambayo Mungu alipitia kwangu, niliificha pia njia ambayo angeweza kupitia kwenu.

Kuna ndugu ataniambia, "Pasta, ukianza kutaja watu unampunguzia Mungu utukufu. Aliyetoa ni Mungu." Nimelifikiria hilo kwa uzito, kwa sababu ndiyo sababu niliyojipa miaka yote. Lakini wacha tuseme ukweli. Nilipomkata dada, nafasi yake haikujazwa na Mungu. Ilijazwa na mimi. Shujaa wa ushuhuda ule alikuwa kijana aliyefunga siku tatu. Kumtaja mkono ambao Mungu aliutumia hakumpunguzii Mungu chochote. Kuuficha ndiko kulikoniongezea mimi.

Mkuu wa wanyweshaji wa Farao alifanya hivyo hivyo. Yusufu alimfasiria ndoto gerezani akamwomba amkumbuke. Mtu yule akarudishwa kazini, akamsahau. Miaka miwili mizima! Naona kama alikuwa na ushuhuda mtamu pale ikuluni, wa jinsi alivyotoka jela na kurudi kwenye kikombe cha mfalme, ila ndani yake hapakuwa na Yusufu. Siku alipofungua kinywa mbele ya Farao, alianza kwa kukumbuka makosa yake mwenyewe. Na mlango wa gereza ukafunguka kwa mtu mwingine. Ushuhuda uliokamilika hufungulia watu.

Je, ina maana tuseme kila kitu kila wakati? Hapana. Kuna mambo hukatwa kwa upendo. Aibu ya mtu mwingine si mali yako kuianika madhabahuni ili wewe upigiwe makofi. Hata kwa makala haya nilimwomba dada ruhusa kwanza. Akasema, "Andika, lakini jina langu usiweke. Na usinifanye malaika. Nililia ile wiki, na nilikukasirikia." Nimeandika vile alivyosema, kwa sababu hata kumremba kungekuwa kumkata tena.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa ushuhuda, au kutuma picha, au kumweleza fundi mwenzako vile duka lako lilivyosimama, jiulize maswali matatu. Niliyemwacha nje, nimemwacha ili kumlinda, au ili nionekane mimi? Anayenisikiliza akijua nilichoacha, ataamua vingine? Na je, nimeiita sehemu kuwa yote?

Nikarudi kuwaza ile chupa. Tulikuwa wawili mbele ya uchafu mmoja. Kuna njia mbili za kuiondoa chupa kwenye picha: kusogeza kamera, au kuinama uiokote. Ukisogeza kamera, picha inakuwa safi na mto unabaki vile ulivyokuwa. Mimi ndiye mchungaji, na mimi ndiye niliyesogeza kamera.

Nimeanza kuinama. Kijana yule nimemtafuta, nimemweleza yote, na nimemwomba msamaha. Karo yake bado haijapatikana, na mwenye nia anione baada ya ibada. Dada naye nimemwomba msamaha. Alinyamaza kwa muda kwenye simu, kisha akaniuliza kama nimekula. Wale mliolelewa na dada wakubwa mnajua maana ya jibu hilo.

Picha nimeituma upya kwenye kundi, bila kukata. Sweta ya rangi ya machungwa iko pale pembeni, na bado inavuta jicho kutoka kwa maji. Wacha ivute.

Wiki hii, mpendwa, fungua ushuhuda wako unaoupenda zaidi. Angalia pembeni, pale ulipokata. Ukimwona mtu ameketi hapo, mpigie simu.

Tuombe. Bwana, tusamehe kwa wale tuliowatoa kwenye hadithi ya wema wako. Tupe ujasiri wa kuwarudisha, na mgongo wa kuinama. Katika jina la Yesu. Amina.