Kimya cha Barazani

Baraza la wazee wa usharika wetu lilikaa Jumapili moja baada ya ibada, mnada umekwisha na kuku wa mwisho kapata mnunuzi. Mchungaji akaleta hoja ya kuezeka kanisa upya. Nani ana neno? Kimya. Katibu akaandika kwamba wajumbe wote wamekubali. Kabla hatujafika getini, wazee watatu walikuwa wamesimama chini ya mwembe wakiyasema waliyoyanyamazia ndani. Bahasha nyingi za ujenzi hazikurudi, na bati chache tulizonunua zikakaa stoo miezi na miezi.

Tangu siku hiyo najiuliza tunataka nini tukisema viongozi wa kanisa wawe na nia moja. Wengi tunadhani ni kauli moja. Lakini nia ni kule tunakokwenda, na kauli ni njia anayoiona kila mtu. Wasafiri wawili huweza kubishana njia panda mpaka jasho likawatoka, kwa sababu wote wanataka kufika. Asiyesafiri hana haja ya kubishania njia.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwaambia walalamikaji kwamba wanavunja umoja. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu 7, na majina yao yote, tangu Stefano hadi Nikolao, ni ya Kiyunani. Mimi nasoma hapo kwamba meza ya huduma hiyo ilikabidhiwa upande uliokuwa ukilia. Ni jambo zito hilo. Huwezi kumpa mlalamikaji madaraka mpaka uamini kwamba anawalilia wajane wale wale unaowajali wewe. Imani hiyo ikikosekana, kila swali la hesabu huonekana uasi.

Na hapo ndipo tunapokosea, wazee na wachungaji. Tunaupenda umoja kwa kuwa unafupisha kikao. Mzee akiulizia risiti tunamwona mtu wa fitina. Naye, akishajua hivyo, swali lake analipeleka mwembeni, ambako halina wa kulijibu.

Mchungaji aliyefuata aliitisha kikao upya, akamzungukia kila mjumbe kwa jina mpaka giza likaingia. Mzee mmoja alishikilia kwamba nyumba ya mwinjilisti itangulie, maana inavuja na ina watoto wadogo. Kura hazikutosha. Jumamosi tulimkuta amefika kabla yetu, nyundo mkononi, akapanda juu ya kanisa na kupigilia misumari hadi saa nne. Aliposhuka kunywa chai, kabla hata hajakaa, akaianza tena habari ya nyumba ya mwinjilisti.