Je, Chema Chajiuza?

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii twaifundisha kila mwaka, wala hatuna desturi ya kuitilia shaka. Walakini habari za wafinyanzi wa Hasami, mji mdogo katika mkoa wa Nagasaki huko Japani, zatulazimisha tuitazame upya.

Hasami imetengeneza vyombo vya kauri kwa muda wa karne nne hivi. Havikuwa vyombo vya makasri, bali bakuli za bei nafuu za watu wa kawaida. Na chupa zake zilichukua mchuzi wa soya na pombe ya mchele katika merikebu za Waholanzi hadi Ulaya. Kazi hugawanywa: huyu hutengeneza kalibu, yule huumba, mwingine huchoma tanurini. Ng'ambo tu ya mpaka wa mkoa upo mji wa Arita, wenye sifa tangu zamani. Na kwa miaka mingi vyombo vya Hasami viliuzwa kwa jina la Arita. Serikali iliitambua kazi ya Hasami kuwa sanaa ya jadi mwaka 1978, kwa jina lake yenyewe, lakini soko halikujali. Vyombo vilikuwa vyema, tena vilijiuza. Ila vilimwuza jirani.

Karne hii ilipoanza, masharti ya kutaja mahali bidhaa ilikotoka yalikazwa, na Hasami ikabaki na jina ambalo wanunuzi wengi hawakulijua. Mwaka 2010 kampuni moja ya huko, ikishauriwa na Nakagawa Masashichi Shoten, nyumba ya biashara ya Nara iliyoanzishwa mwaka 1716, ilitoa vikombe vinene vya rangi, vyenye kupandana, vikiitwa HASAMI.

Je, huko ndiko kujitembeza? Yanagi Soetsu, ambaye pamoja na wenzake walibuni neno mingei mwaka 1925, angeweza kusema ndiyo. Yeye alifundisha kwamba uzuri wa chombo cha kila siku hutoka katika mikono isiyotafuta jina. Twamheshimu, ila ni rahisi kusifu kutojulikana kwa mtu ambaye jina lake limeandikwa juu ya vitabu. Tena, kukosa jina ni jambo moja, na kubeba jina la mwingine ni jambo jingine. Bakuli lisilo na jina halisemi neno. Bakuli la Hasami lililoitwa la Arita lilisema lisilo kweli, hata kama mfinyanzi alipata riziki kwalo.

Hofu yetu kubwa zaidi ni nyingine: kwamba mnunuzi wa mbali atakigeuza chombo chenyewe. Mafundi wa chuma cha Nambu, mkoani Iwate, walipoanza kuwauzia Wafaransa wapenda chai, walitia rangi nyekundu na buluu, na ndani wakapaka enameli ili chombo kisishike kutu. Chombo cha namna hiyo hakiwekwi motoni. Kwa Kiswahili twaweza kusema kuwa birika limekuwa buli, na hilo si badiliko dogo. Hata hivyo hatuwezi kuwalaumu, maana walioamua ni mafundi wenyewe, na karakana za huko bado zasubu mabirika meusi ya kuchemshia maji, kwa wayatakao.