Nguo ya Majira ya Wengine

Je, mtu aweza kuwa na mtindo wake mwenyewe kwa nguo zilizoachwa na wengine? Misunkumilo, kata iliyo Mpanda mkoani Katavi, ina majira mawili makuu: masika na kiangazi. Mitumba hutoka katika nchi za majira manne. Koti la theluji huko huvaliwa na mwendesha bodaboda alfajiri za Juni, baridi inapouma. Shati jepesi la pamba husubiri joto la Septemba. Mvaaji, basi, hapokei tu, bali huipa nguo majira ambayo mshonaji wake hakuyajua. Zamani ziliitwa kafa Ulaya. Kumbe kilichokufa ni matumizi ya kwanza tu.

Hata hivyo, uhuru wa mchaguzi si uhuru wa nchi. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vyao. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za biashara, Rwanda pekee ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 mavazi yake yakanyimwa nafuu hizo. Anayechagua vyema rundoni amejistahi. Lakini hakuchagua rundo liwepo. Heshima yake ni ya kweli, wala haiwafutii watawala deni lao.